Banda la Shangazi

Mama Pacha alikuwa angali ndotoni ng'ombe alipolia. Katika ndoto banda lao lilikuwa refu kama mtaa, kila chumba kina mtamba amelala, na mama yao, Shangazi, alipita katikati akiwakagua kama mwenye nyumba siku ya kodi. Mlio ulipokuja mara ya pili, aliamka. Pacha walikuwa bado wamelala, miguu ya mmoja kwenye mbavu za mwenzake.

Nje ukungu ulikuwa umelala juu ya malisho. Shamba lile ni dogo, ukipiga chafya huku jirani anakuombea afya kule, lakini asubuhi hiyo mpaka wake haukuonekana, na kwa kitambo Mama Pacha alijiona mwenye nchi nzima ya majani. Akasimama pale, kanga mabegani, hataki ukungu uondoke.

Shangazi alikuwa amefungwa kwenye nguzo nje ya banda. Ng'ombe huyu alipata jina hilo kwa sababu hapendi kuharakishwa na lazima ale wa kwanza. Alikuwa na nyumba yake, tena nzuri. Ila siku chache nyuma Baba Pacha, ambaye ni seremala, aliligawa banda kwa mbao akatengeneza vyumba vyembamba vya ndama wa kunenepesha, wale wanaogawiwa wafugaji na mradi wa bwana mifugo. Alipima, akakata, akapigilia misumari, kazi safi hata ukipitisha kiganja hupati kibanzi. Alipomaliza ndipo alipogundua kwamba mwenye banda haingii tena. "Si neno," alisema, "huyu mwenyewe ni wa kuondoka." Tangu hapo Shangazi alilala nje kama mgeni aliyekosa adabu.

Asubuhi hii hakutulia. Alizunguka nguzo mpaka kamba ikaisha, mkia juu, ute mweupe kama wa yai ukining'inia nyuma yake. Mama Pacha alipoinama kufungua kamba, Shangazi alimwekea kidevu mgongoni akataka kumpanda. Moyo wa mama ukaruka kwa furaha.

"Baba Pacha! Njoo uone! Joto limekuja!"

Mumewe alitokea na ndoo mkononi, vumbi la mbao kwenye nyusi.

"Limekuja mara ngapi, mama watoto? Likija tunamwita bwana mifugo. Anakuja kesho yake joto limekwisha, anaingiza mrija wake wa mbegu, anakunywa chai yetu, anaondoka. Ng'ombe yuko vilevile."

"Sasa hilo ni kosa la Shangazi?"

"Sijasema kosa la nani. Nasema majani hayatoshi. Pumba imepanda, mashudu ndiyo usiseme. Ng'ombe wa kuzaa unamlisha ukingoja mimba, unangoja azae, unangoja ndama akue. Maisha yote kungoja. Hawa wa mradi wanakuja wameshaachishwa ziwa. Wanakula, wananenepa, lori linawachukua, kwisha habari."

"Wakishachukuliwa?"

"Wanaletwa wengine."

"Wasipoletwa? Utamkamua nani, hizo mbao zako?"

Baba Pacha aliweka ndoo chini. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka tu, uchovu wa mtu anayetengeneza vitanda vya watu na mwenyewe halali. Alitazama vyumba vyake vitupu vinavyonukia mbao mbichi, na ilionekana wazi kwamba naye alikuwa na ndoto yake, ya ndama wanene waliopangana humo kama mikate.

"Mnunuzi anakuja jioni," alisema taratibu. "Na bwana mifugo kasema hatupewi ndama kama tuna ng'ombe tasa."

"Basi mpaka jioni Shangazi ni wangu. Akipandishwa leo kwa wakati, hauzwi. Tumekubaliana?"

"Mpate kwanza huyo bwana mifugo."

Kila mfugaji anaijua kanuni hiyo: joto la asubuhi, mpandishe jioni, joto la jioni, mpandishe asubuhi. Likikupita, umeukosa mwezi. Mama Pacha alinawa miguu, akavaa viatu vya kutokea, akaenda.

Ofisini alikuta benchi na karani. Karani alisema bwana mifugo yuko mkutanoni, kisha akaendelea kula karanga. Ukutani palibandikwa picha kubwa ya ndama mnene wa mradi, anang'aa kama aliyepakwa mafuta. Mama Pacha alimtazama sana yule ndama kwa kuwa hapakuwa na kingine cha kutazama. Joto la bati likashuka, nzi wakaimba, kope zikawa nzito. Akamwona ndama akishuka ukutani, akapita mbele ya karani bila kuulizwa shida yake, akaja kumnusa viganja. "Mama yako nani?" akamuuliza. Ndama akafikiri, akafikiri, hakujua. Mama Pacha alizinduka na huzuni iliyomkaa kifuani kama tonge lisiloshuka, na jua lilikuwa limekwisha vuka mlango.

Ngoja ngoja huumiza matumbo. Bwana mifugo alipotoka alikuwa anachokonoa meno.

"Mama, si nilishakwambia ng'ombe yule ni tasa?"

"Si tasa, bwana mifugo. Wewe ndiye unayekuja ameshapoa."

Karani alipaliwa na karanga. Bwana mifugo hakucheka.

"Leo siwezi. Gari halina mafuta, pikipiki iko kwa fundi. Labda kesho."

"Kesho ndiyo atakuwa amepoa."

"Sasa mama, nije kwa mabawa? Changia mafuta basi, tuone."

Mkono mtupu haulambwi. Mama Pacha alikunja kanga yake, akaaga kwa adabu kama alivyofundishwa nyumbani, na njia nzima alijilaumu kwa hiyo adabu.

Alikuwa karibu na kwake aliposikia mngurumo mzito ukitoka uani kwa jirani yake mshona nguo. Ng'ombe wa kunenepesha hangurumi hivyo. Akasimama. Ukaja tena, na ng'ambo ya ua sauti ya Shangazi ikaujibu.

Mshona nguo alikuwa nje, futi ya kitambaa shingoni, anavuta kamba ya dume jekundu lenye shingo nene.

"Mwenzangu, huyu si wa mradi?"

"Wa mradi."

"Mbona ana kila kitu chake?"

Mshona nguo alitazama barabarani, akapunguza sauti. "Bwana mifugo alisema atakuja kumhasi. Kesho, kesho, mpaka leo. Halafu mkutano uliopita kasimama mbele ya wakubwa zake akasema madume yote ya mradi yamehasiwa. Tukapiga makofi. Mimi nitabisha na nani? Watanifuta."

"Unatamani wasikufute?"

"Sijui natamani nini." Alimkuna dume nyuma ya sikio. "Nalisha, wananenepa, lori linakuja. Ninachobaki nacho ni samadi. Hawa nimekatazwa na moyo wangu kuwapa majina, na huyu nimempa. Namwita Shemeji."

Wakatazamana. Kisha wote wawili wakaanza kucheka, kicheko cha wanawake waliokwisha elewana kabla ya kusema.

"Basi mwache Shemeji amsalimie Shangazi," alisema Mama Pacha.

Jua lilikuwa limelegea alipomleta Shangazi uani kwa mshona nguo. Nyasi zilikuwa na rangi ya asali, na vumbi walilolitimua wale wanyama lilielea bila haraka. Shangazi, asiyependa kuharakishwa, alisimama kimya akakubali. Dume halikuwa na uzoefu. Lilikosea, likateleza, likajaribu tena, na mshona nguo akalitia moyo kama mama mwenye mwana bwana harusi. Kisha mambo yakawa. Mama Pacha aliona machozi yanamtoka, hakuyafuta.

Alipofika nyumbani na ng'ombe wake, lori lilikuwa mlangoni. Mnunuzi alikuwa ameshuka na kamba. Na kwenye kiti cha mbele, kiwiko dirishani, alikaa bwana mifugo.

"Kumbe mafuta yamepatikana," alisema Mama Pacha.

"Nimepewa lifti. Nimekuja kuthibitisha kwamba ni tasa, ili mwenzetu amchukue."

"Hauzwi. Ametoka kupandwa, na kwa wakati."

Bwana mifugo alifungua mlango wa lori. "Kupandwa na nini? Madume ni marufuku eneo hili, na yote ya mradi yamehasiwa. Nimesema mimi mwenyewe mbele ya…" Mama Pacha alimwona akiizungusha sentensi kichwani, akitafuta mahali pa kutokea, asipate.

"Kama yote yamehasiwa," alisema Mama Pacha kwa upole, "basi labda ni mrija wako, bwana mifugo. Umechelewa kufanya kazi tu."

Mnunuzi alicheka peke yake. Bwana mifugo alipandisha kioo nusu. "Hamna nafasi kwenye mradi," alisema. "Msije kunililia."

"Nitapita tena mwezi ujao," mnunuzi alimwambia Baba Pacha bila kinyongo, kama mtu anayejua mambo ya dunia yalivyo, na lori likageuza.

Baba Pacha alibaki amesimama na kipande cha kamba. Mkewe alingoja amgombeze. Hakumgombeza. Alimzunguka Shangazi, akauona mgongo uliochafuka kwa kwato za dume, akashusha pumzi.

"Kama hakushika?"

"Tutajua akikaa kimya mwezi ujao."

"Kungoja tena."

"Kungoja tena, Baba Pacha. Lakini angoje ndani."

Mumewe aliingia nyumbani akarudi na nyundo. Mbao zake safi zilitoka zikilia, chumba baada ya chumba, na pacha wakazibeba na kuzipanga ukutani. Shangazi alisimama mlangoni akitazama, kisha akaingia bila kukaribishwa, akalala katikati akachukua nafasi yote. Mama Pacha aliketi karibu naye, sikio ubavuni. Alijua hakuna cha kusikia bado. Akafumba macho hata hivyo, na banda likaanza kurefuka.

Baba Pacha aliokota misumari iliyopinda. Aliinyoosha mmoja mmoja juu ya jiwe, polepole, akaitia mfukoni. Misumari nayo imepanda bei, na mwezi ujao si mbali.