Uboho Ulioshika Vizuri

Siku mwanangu alipofariki, nesi alianza kutandua shuka za kitanda chake kabla sijamaliza kukusanya soksi. Hakuwa na ubaya. Kuna mtoto mwingine alikuwa anasubiri chumba kile. Nikatoka na mfuko wa nailoni na viatu vyake mkononi. Nyumbani nilimkuta mdogo wake, Kitinda, kwenye kochi, mikono ameikalia.

Tulimwita Kitinda kwa kuwa ndiye wa mwisho. Yeye naye, tangu dawa za saratani zilipomaliza nywele za kaka yake, alimwita Babu.

“Babu, chanuo lako nimelitupa.”

“Heshimu wazee, wewe!”

Hapo mito inaanza kuruka, na mama yao anapaza sauti kutoka jikoni: “Kitinda, acha kumpiga kaka yako! Hana nguvu huyo!”

Kitinda ndiye aliyetoa uboho. Kati yetu sote, wa kwake ndio uliolingana. Walimlaza kwa dawa, wakauvuta kwa sindano kwenye mfupa nyuma ya kiuno, wakampa kaka yake kwa mrija kama anayeongezwa damu. Mtoto alijivuna hadi akachosha. “Sasa una damu ya kike, Babu. Utaosha vyombo.”

Kisha Babu akaanza kubabuka ngozi. Likafuata tumbo, halafu ini. Daktari alitukuta kwenye korido, Kitinda yuko sakafuni anachora, akatueleza kwa lugha aliyoiona nyepesi: “Uboho wa mdogo wake umeshika vizuri sana. Ila sasa unampiga mwenye mwili, kama mgeni anayempiga mwenye nyumba.”

Kitinda akaweka kalamu chini.

Baada ya mazishi ndipo aliponiuliza: “Baba, si niliacha kumpiga?”

Nilimwambia si yeye. Mama yake akamwambia, bibi yake akamwambia. Alitusikiliza kwa adabu, kama mtoto anayejua anadanganywa. Shuleni hashikani mikono na wenzake. Ukimwomba maji anaweka kikombe mezani, anarudi nyuma, ndipo uchukue.

“Daktari mwenyewe alisema,” hunijibu.

Kwa hiyo hospitali ilipowaita wazazi wakasaidie kuchagua mambo ya kutafitiwa kwanza katika upandikizaji wa uboho kwa watoto, nilikwenda. Daktari yuleyule ndiye aliyeongoza kikao. Wazazi walitaja maambukizi, ugonjwa unaorudi, dawa zinazoharibu uzazi. Yote ya kweli. Zamu yangu ilipofika nikasema: “Mtoto aliyetoa uboho, halafu ndugu yake akafa. Tutafiti anaambiwa nini, na anabaki na nini.”

“Mzee wangu, pole sana,” daktari alisema. “Ni jambo zuri. Lakini mchangiaji ni mzima. Sisi tunawatafiti wagonjwa.”

“Mzima?” aliruka Mama Soksi, mzazi mwenzetu aliyekuja msibani, tuliyemwita hivyo kwa kuwa alifumia wodi nzima soksi. “Mzima wa kukalia mikono? Daktari, hebu nenda ukamwone kwanza!”

Watu wakacheka kidogo. Tukapiga kura kwa kunyoosha mikono. Hoja yangu ilipata mikono miwili, wangu na wa Mama Soksi. Ikawekwa kwenye mengineyo. Daktari akafafanua kwamba mengineyo hayatafutiwi fedha mwaka huu.

Nilimngoja mlangoni.

“Basi njoo wewe umwambie binti yangu si yeye. Sisi anatuona waongo. Neno ulilitoa wewe, lirudishe wewe.”

“Neno gani, mzee?”

Nikamkumbusha. Alikunja uso; hakulikumbuka. “Huo ulikuwa mfano tu wa kuwaelewesha,” alisema. “Na kusema kweli, kwa mwanao kipandikizi kilifanikiwa. Uboho ulishika asilimia mia.” Kisha akaahidi kutafuta nafasi, simu yake ikaita, akaenda.

Jana alipiga simu nesi wa kliniki. Nikadhani ndiyo nafasi yenyewe imepatikana.

“Tunamhitaji mchangiaji Jumatatu, baba.”

“Daktari ataongea naye?”

“Hapana, anapimwa damu tu, tuone kama mchangiaji ni mzima. Haichukui muda.”

Jumatatu nitampeleka mimi. Nimemwambia Kitinda. Aliuliza kama hiyo damu watampa mtoto mwingine. Nikasema hapana. Akaweka chai yangu mezani, akarudi nyuma.