Kanzu Iliyonuka Dizeli

Jumamosi hiyo Mama Ilham alinipokea mlangoni na hakuniambia niingie. Alikuwa ameshika kanzu nyeupe ya mume wake, Mzee Sadiq, ambayo nilikuwa nimeileta kwao mtaani Pioneer siku ya Alhamisi, imefuliwa na kupigwa pasi.

"Nusa," akasema.

Nikanusa. "Ni udi, Mama Ilham."

"Udi nimeweka mimi! Nimeifukiza jioni nzima nikifukuza hiyo harufu. Sasa imekuwa dizeli yenye udi. Mzee amesimama msikitini, mtu wa nyuma anamuuliza kama siku hizi anatengeneza malori." Hakuwa anacheka. "Jemutai, niambie ukweli. Nani alivaa hii kanzu? Ni yule kijana wa boda boda?"

Alimaanisha Gideon, jirani yangu, ambaye hunibebea mizigo ya nguo kutoka mtaani kwetu Huruma. Gideon ni mwimbaji wa kwaya. Nilimwona akilini akiwa amevaa kanzu kwenye pikipiki, nikataka kucheka, lakini machozi yakatangulia. Mimi nikiulizwa kwa ukali, maneno hunikimbia. Niliangalia viatu vyangu, na mtu anayeangalia viatu huonekana amekubali kosa.

"Basi," akasema. "Nitatafuta mwingine."

Kwa mtu anayefulia watu, hakuna jina baya kushinda hilo la kuwaazima watu nguo za wateja. Likienea, hakuna nyumba itakayokupa hata soksi.

Ploti yetu imepakana na kituo cha mafuta kilichofungwa kabla sijahamia Huruma. Pampu ziling'olewa zamani, mafundi wa kuchomelea vyuma wakajenga vibanda hapo juu. Sasa vibanda vilikuwa vimesogezwa, na mashine ilikuwa inachimba ili kuondoa matangi yaliyobaki chini. Niliporudi, tangi moja lilikuwa limeshatoka. Lilikuwa refu kushinda chumba changu, limeliwa na kutu, na upande wa chini lilikuwa na tundu ambalo kidole kingeingia. Udongo uliolizunguka ulikuwa mweusi. Walikuwa wakiupakia kwenye lori na kuufunika kwa turubai.

Nilienda kwenye kisima cha ploti yetu kwa sababu sikujua la kufanya na mikono yangu. Msimamizi wa wale wachimbaji, Wahome, akaja na chupa iliyofungwa kamba.

"Dada, haya maji mnatumia?"

"Kufua tu. Ya kunywa tunachota kwa mfereji."

Akateremsha chupa, akaivuta, akaiinua juani. Juu ya maji kulikuwa na utando mwembamba wa rangi rangi. Siku za karibuni nilidhani ni sabuni.

"Dizeli," akasema. "Imevuja polepole huko chini mpaka imefika hapa. Petroli ingeruka yenyewe nguo zikianikwa. Dizeli inang'ang'ana."

"Lakini sisi hatusikii harufu."

"Si mnaishi hapa? Hata mimi naingia nyumbani nikijiona msafi, na bibi yangu ananiambia nivulie nguo nje."

Akaanza kuzungushia kisima utepe mwekundu. Nikamshika mkono wa ovaroli, jambo ambalo siku nyingine nisingethubutu.

"Naomba nichote jerikeni moja kwanza."

"Ya nini?"

"Ya kuonyesha mtu."

"Chukua. Lakini usiiweke karibu na jiko, na uirudishe hapa, usimwage kwa mtaro."

Gideon alipoona mzigo alicheka. "Jemu, leo tunapeleka maji Pioneer? Kwani mifereji yao imekufa?"

Njiani nikamweleza. Karibu tuingie mtaroni. "Mimi na kanzu! Ningekaa kwa pikipiki namna gani, upande upande kama nyanya akienda kanisa?" Halafu akapunguza mwendo. "Lakini hiyo si mchezo. Utamwambia nini?"

"Sijui. Nitafungua tu kifuniko."

Na ndivyo nilivyofanya. Mama Ilham aliinama, akarudi nyuma haraka. Akaingia ndani, akatoka na kanzu. Akanusa kanzu, akanusa jerikeni, akanusa kanzu tena.

"Ni kisima chetu," nikasema. "Tangi lilitoboka chini."

Gideon alikuwa amesimama getini na kofia yake kifuani. "Na mimi, mama, ni wa kwaya," akasema.

"Nyamaza wewe," akasema Mama Ilham, lakini mdomo wake ulikuwa umekaribia tabasamu. "Jemutai, mbona hukusema?"

"Nilikuwa sijui."

"Si ungesema hujui!"

Kisha akapaza sauti juu ya ukuta kwa jirani yake: "Mama Ashley! Yale niliyokuambia asubuhi, yafute. Njoo unuse kitu!"

Wahome anasema itachukua muda mrefu kufyonza mafuta yote kisimani, na hata yakiisha, maji yatapimwa kwanza. Kwa hivyo siku hizi nafulia nguo zote uani kwa Mama Ilham, hata za nyumba nyingine.

Kanzu niliiloweka kwa maji moto na sabuni, nikasuuza, nikarudia mpaka mikono ikakunjamana. Ilipokauka nilimwita kabla sijashika pasi, kwa maana pua yangu sikuiamini bado. Akajifunika nayo usoni, akavuta pumzi.

"Inanuka nini?" nikauliza.

"Sabuni." Akanirudishia. "Piga pasi. Mimi naenda kuwasha udi."