Pua ya Kiwanda

Mkewe alimsogezea sufuria ya maziwa. "Hebu nusa, yameharibika?"

Alinusa. "Yako sawa."

Mke alimtazama kidogo, kisha akayamwaga yote. Yalikuwa yamechacha tangu jana.

Kazini mumewe aliitwa Pua. Kwa miaka kumi na moja alikuwa fundi wa mabomba kwenye kiwanda kinachochukua gesi ya taka ya mtambo wa mafuta na kutoa humo hidrojeni ya kuendeshea mabasi. Gesi hiyo ya taka ikivuja kidogo hunuka mayai viza. Ikivuja sana, huiua pua kwanza, mtu akadhani gesi imekwisha, halafu humuua mwenyewe. Pua yake ilikufa kidogo kidogo. Hakumwambia mtu, maana fundi wa gesi asiyenusa nani atamweka?

Leo wageni wakubwa walikuja kuzindua basi. Msimamizi aliwavalisha vipimo vyote vya gesi, vile vinavyolia hatari ikikaribia, wapendeze kwenye picha.

"Pua, ingia chumba cha pampu kule chini, nusa, utie sahihi kwamba hakuna gesi. Shemeji yako ashuke akafungue vali."

Shemeji, kaka wa mkewe, alikuwa kando akifunga kamba za buti. Alikuwa na wiki tatu kazini, na Pua ndiye aliyemwombea nafasi.

"Mzee, mimi sinusi tena. Mwaka wa pili huu. Tuazime kipimo kimoja kwa wageni."

Msimamizi aliangalia saa. "Miaka miwili unatia sahihi, leo ndiyo umekumbuka? Lete kitambulisho." Akakichukua, akamgeukia shemeji. "Na wewe, pua unayo?"

"Ninayo, mzee."

"Basi shuka."

Pua alimshika mkono. "Usiende, shemeji."

"Tukikosa kazi wote wawili, dada atapika nini? Mawe?" Akajinasua, akachukua spana.

Uwanjani basi liliwashwa. Halikutoa moshi, lilitoa mvuke na matone ya maji. Mgeni mmoja aliyakinga kwa glasi, akanywa, watu wakapiga makofi.

"Huku mlangoni inanuka," shemeji alisema kutoka chini.

"Toka!" Pua alikimbilia ngazi. Mlinzi alimdaka kiunoni. Asiye na kitambulisho haruhusiwi kupita.

Kisha sauti ile ile, imetulia: "Haya, sasa hainuki tena. Imekwisha."

"Toka, shemeji! Toka sasa hivi!"

Msimamizi aliandika kwenye fomu: hakuna harufu. Akamsogezea Pua kalamu. "Umesikia mwenyewe. Tia sahihi, nikurudishie kitambulisho chako."

Kule chini, spana ilianguka kwenye saruji. Hakuna aliyeiokota. Kalamu ilikuwa bado mbele yake.