Nguzo Mia na Kumi na Tatu

Bei ilikuwa tamu mno, na hilo ndilo lililomtia Kajuju wasiwasi. Gitari, muuzaji wa kampuni ya simu, alikuwa ametoka Embu na mkataba wa miaka miwili: intaneti ya DSL kupitia waya za zamani za simu, kwa nusu ya bei ya fiba.

"Tia sahihi, madam. Kutoka kituo cha simu hadi kiwanda cha maziwa ni kilomita mbili tu. Tazama ramani."

Kajuju alitazama. Kampuni yake ndogo ya kuuza intaneti pale Nkubu ilimtegemea mteja huyo mmoja, kiwanda cha maziwa. Kikihamia kampuni nyingine, yeye na fundi wake Mithika wangefunga ofisi. Mithika alikuwa ameshatoa kalamu.

"Nipe hadi kesho," Kajuju akasema.

Mwanamke huyo, ukimwambia mbili, atataka kuzihesabu. DSL hudhoofika kadiri waya unavyorefuka, na bei haishuki hata senti. Asubuhi akavaa gambuti, akafuata nguzo za simu kuanzia kituoni, mita hamsini baina ya moja na nyingine. Kwa kilomita mbili, arobaini zingetosha. Kwenye ya ishirini na mbili waya ukakata kona, ukateremka mtoni, ukazunguka kilima kizima. Alipofika kiwandani, matope magotini, alikuwa amehesabu mia na kumi na tatu. Karibu kilomita sita! Hapo hata barua pepe ingechechemea.

Hasira zikampanda. Akarudi kwenye kona kuuliza. Mzee Njuki, mwenye shamba la hapo, alikuwa akipalilia viazi vikuu alivyorithi kwa baba yake.

"Ni baba aliyezikataa nguzo," akasema. "Watu wa simu walikuja na sururu, wakachimba katikati ya viazi vyake. Hakuna aliyebisha hodi."

Kajuju akainua macho. Kutoka pale, paa la kiwanda lilionekana wazi, na la ofisi yake pia.

"Basi mimi nabisha hodi, mzee. Naomba mahali pa mlingoti mmoja wa antena, ya kurusha intaneti hewani kutoka ofisini kwangu hadi kiwandani, pembeni, mbali na viazi. Ukikataa, nitaenda zangu."

 Njuki akapiga jembe kando ya ua. "Hapa, mwanangu. Na shimo nitalichimba mwenyewe."

Alasiri Kajuju alitia sahihi mkataba wa laini kumi na moja tu, za maduka yanayopakana na kituo cha simu, ambako DSL ingefaa na bei ingelipa.

"Na kiwanda?" Gitari akauliza.

Kajuju akavua gambuti zake na kuzisukuma mbele ya Gitari. "Vaa. Nenda ukahesabu."