Pale Tulipochelewa

Katika ua wetu mtu hakuumwa kabla ya kumpigia simu Msomi. Homa ikikushika, jino likikugonga, presha ikikupanda, jambo la kwanza ni kumtafuta Msomi. Naye, popote alipo, angepiga simu hospitali, na ukifika getini unakuta unajulikana. "Wewe ndiye mtu wa Msomi? Pita huku." Mlinzi wa duka la mbele alivuka foleni nzima kwa jino moja tu, akarudi anatembea kama waziri. Mimi mwenyewe goti langu limetazamwa na bingwa, na benchi la hospitali sikulipasha hata joto.

Msomi ni binti mkubwa wa jirani yangu, mlango kwa mlango. Mama yake tulishasahau jina lake la zamani, tukawa tunamwita Mama Msomi, na akiitwa hivyo shingo inarefuka. Binti alikuwa afisa wa afya ya mama na mtoto, na huku kazi ikiendelea akawa anasomea shahada ya udaktari katika afya ya kimataifa. Si udaktari wa kudunga sindano. Ni masomo ya watu wenye kazi zao: unachukua tatizo la kazini kwako, unalichimba mpaka mzizi, na wenzako wa nchi nyingine wanachimba lile lile kwao, kisha mnalinganisha. Walimu wake walikuwa mbali, anawaona kwenye kompyuta. Jioni tunamsikia dirishani anabishana na dunia nzima, mmoja kwake ndiyo kwanza kunakucha, mwingine anapiga miayo.

"Unasoma mpaka lini, dada?" mdogo wake alimtania siku moja. "Vitabu vyenyewe vimeshaomba likizo."

"Nikimaliza utaniita Dokta, tena kwa kupiga goti."

"Na tumbo hili? Labda unipigie wewe."

Huyo tulimwita Kitinda, maana ndiye aliyefunga mlango wa uzazi wa mama yake. Alikuwa ameolewa na fundi cherehani, wakapanga chumba humo humo uani. Ilikuwa mimba yake ya kwanza. Kitinda akicheka, hata mwenye msiba alitoa kichwa kuuliza kuna nini.

Tatizo alilolichimba Msomi lilikuwa wanawake wanaofia uzazini. Kila aliyefariki hivyo katika eneo lake, watu wake walifuatwa msiba ukishapoa, wakaulizwa maswali yale yale: ilianza vipi, mlifanya nini, gari mlilipata wapi, hospitalini nani aliwapokea. Mwisho wa maswali lazima ijulikane walichelewa wapi: nyumbani, njiani, au hospitalini penyewe. Masharti aliyaweka mwenyewe. Kifo hakirukwi. Muulizaji asiwe ndugu. Na anayeuliza halaumu mtu.

Damu ya Kitinda ilianza mchana, bila uchungu wowote. Alitoka bafuni akasema, "Mama, kuna damu," kwa sauti ya mtu anayesema chumvi imekwisha. Fundi akaruka nje, akarudi na teksi. Ikasimama pale mlangoni, injini inanguruma.

"Ngojeni kwanza tumpate dada yake," akasema Mama Msomi. "Tukienda kienyeji tutakalishwa foleni."

Hakuna aliyebisha. Ndivyo tulivyokuwa tukienda sote, siku zote. Tukapiga simu, haipatikani. Tukapiga tena. Msomi alikuwa amejifungia chumba cha mikutano kazini kwake, anaeleza utafiti wake ulipofikia mbele ya jopo la walimu wa kwenye kompyuta, na simu imezimwa kama walivyoagizwa. Dereva akapiga honi. Tukapiga tena. Kitinda alikuwa amelala ubavu, anamwambia mumewe asimtazame hivyo, yeye si kitambaa kilichokatwa vibaya. Mpaka Msomi alipopatikana, godoro lilikuwa limelowa hadi chini.

Akapiga simu yake hospitali. Wakapokelewa vizuri sana, machela imeshatolewa nje, daktari amesimama mlangoni. Kitinda alifariki wakiwa njiani kumpeleka chumba cha upasuaji, na mtoto wake tumboni.

Msibani kila mtu alikuwa na lake. Mara hospitali haina damu, mara manesi walikuwa kwenye simu zao, mara kuna jicho la mtu. Mimi nilikaa karibu na Mama Msomi, nikamsikia akimwuliza binti yake, "Wewe unayesomea vifo hivi, niambie. Mwanangu kauawa na nini?"

"Nitakwambia, mama. Tukishauliza."

Watu wakatazamana. Atamwuliza nani, na maiti ndiyo kwanza imezikwa?

Wageni walipotawanyika nilimfuata Msomi kwenye kamba ya nguo. Akaniambia mwalimu wake amempa ruhusa ya kumwacha Kitinda nje ya utafiti.

"Si umwache basi, mwanangu. Nani atakuuliza?"

"Shangazi, wale wengine niliwapelekea watu wawaulize wakiwa bado macho mekundu. Hakuna aliyepewa nafasi ya kuniambia nimruke wa kwake."

Nikaanza kupanga vibanio kwenye kamba, nami sikuwa na nguo ya kuanika.

Msiba ulipopoa akaja muuguzi mstaafu aliyekuwa akimsaidia kazi ya kuuliza, mwanamke mwenye sauti ya taratibu, akakaa chumbani na Mama Msomi na Fundi. Msomi kwa masharti yake mwenyewe hakuruhusiwa kuingia, akabaki uani anaosha vikombe. Mimi nilikuwa naanua nguo zangu. Zilikuwa bado mbichi, lakini niliona nizianue. Dirisha lilikuwa wazi.

"Gari lilipofika mliondoka?" muuguzi akauliza.

Fundi akakohoa.

"Hatukuondoka," akasema Mama Msomi.

"Pole, mama. Kulikuwa na nini?"

"Tulikuwa tunamngoja dada yake."

"Aje awasindikize?"

"Hapana. Apige simu tu. Tupokelewe."

Fundi akataka kusema neno, mkwewe akamkata. "Wewe gari uliileta. Niliyesema tungoje ni mimi. Mwandike hivyo."

Uani Msomi alikuwa anasuuza kikombe kile kile, maji yanamwagikia miguuni na hana habari. Nilimwita, hakusikia.

Muuguzi alipoaga, Mama Msomi alitoka akaketi kwenye benchi la ukutani. Kitambaa cha kichwa kilikuwa kimelegea, hakukifunga.

"Maswali yale ni ya kwako?"

"Ni yangu, mama."

"Basi mnatafuta pale watu walipochelewa."

"Ndiyo."

"Na kwetu mmepaona."

Msomi akakiweka kikombe chini. "Mama, damu ya namna ile huwa nyingi sana. Hata angefika mapema, wakati mwingine..."

"Mwanangu, ukitaka kunidanganya hunitazami. Tangu mdogo. Nilikuuliza msibani, ukasema utanijibu."

Nilitamani ardhi inifiche, na wakati huo huo sikuondoka. Msomi alimtazama mama yake.

"Angefika mapema labda angepona."

"Labda?"

"Angepona, mama. Gari lilikuwepo, daktari alikuwepo, damu ya kumwongezea ilikuwepo. Angepona."

Mama Msomi aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa bei ambayo alikuwa ameshaisikia kwingine. "Haya. Na mtaandika ni nani aliyewachelewesha?"

"Hatuandiki nani. Tunaandika wapi."

"Wapi?"

"Nyumbani." Akakisogeza kikombe kwa mguu. "Nami nitaeleza tulikuwa tunangoja nini. Kwamba kuna nyumba ambamo mgonjwa hangoji gari, anangoja simu ya mtu wao. Hilo hatukuliuliza popote, mama. Si hapa, si kwa wenzangu kule kwao. Sikujua ni swali."

"Mimi ndiye niliyekuzoesha."

"Na mimi nilikuwa napokea."

Cherehani ya Fundi ikaanza kulia chumbani, ikasimama, ikaanza tena. Kitambaa gani alikuwa anashona siku ile sijui, maana wateja tulikuwa tumewazuia.

"Hiyo shahada watakupa?" mama akauliza.

"Sijui. Wakiridhika."

"Wataridhika."

Hakulisema kwa uchungu wala kwa kumsifu. Alilisema vile mtu anavyosema mvua itanyesha. Ndipo Msomi akalia. Msiba wote alikuwa ametandika mikeka, amepokea wageni, amezungumza kwenye simu, lakini machozi hatukuyaona, na wengine tulishaanza kusema kisomo kimemkausha. Alilia amesimama, mikono imejaa povu la sabuni, hajui aiweke wapi.

Mama yake alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akasogea kwenye benchi, akamwachia nafasi.

Nikabeba nguo zangu mbichi, nikaingia ndani.