Sheria Isiyomhusu Dorothea

Benadetha alianza kumshuku Kiplagat Jumapili ile mwanamume huyo alipomfuata hadi kwenye gari baada ya ibada, akamwambia asikimbilie kwenda Annapolis.

Kiplagat alikuwa Mkenya mpole aliyependa kukaa viti vya nyuma kanisani. Tatizo ni kwamba alifanya kazi katika chumba cha mafaili cha hospitali ileile iliyompasua mama yake Benadetha. Dorothea, mwenye miaka sabini na mmoja, aliingia mle kuondolewa uvimbe wa tezi shingoni, akatoka bila sauti. Mshipa wa fahamu wa sauti ulikuwa umekatwa kimakosa. Tangu hapo alinong'ona tu, na akinywa chai kwa haraka alipaliwa.

Wakili wao, Mmarekani aitwaye Audrey, alikuwa amewaeleza sheria ya Maryland. Ukiumizwa na daktari, mshahara uliopoteza na gharama za matibabu unaweza kuvidai vyote, lakini maumivu yenyewe yamewekewa kikomo. Mama hakuwa na mshahara. Alichopoteza ni kuimba, kupiga simu Moshi na kuwasimulia wajukuu, na vyote hivyo sheria iliviita maumivu. Sasa kulikuwa na muswada wa kuondoa kikomo hicho, na Audrey alitaka Benadetha akazungumze mbele ya kamati ya bunge la jimbo, huko Annapolis.

"Mambo yanaweza kubadilika," alimwambia.

Kwa ajili ya maneno hayo, barua ya hospitali iliyopendekeza kumaliza kesi ilikaa juu ya friji bila kusainiwa, na hata kanisani walijua anangojea sheria hiyo.

"Nani amekutuma?" Benadetha alimuuliza Kiplagat pale kwenye gari.

"Sijatumwa na mtu, dada. Siwezi kuongea kuhusu faili ya mtu yeyote, nitafutwa kazi. Lakini huo muswada ni wa umma, uko kwenye mtandao. Soma ukurasa wa mwisho."

"Ili nisaini barua yenu kabla sheria haijapita?"

"Wewe soma tu."

Njia nzima hadi kwao Riverdale Park alikuwa akiwaza. Alikumbuka Kiplagat alivyoleta matunda mama alipotoka hospitali, akakaa sebuleni na kuuliza, "Anaendeleaje kumeza?" Wakati ule aliona ni wema. Sasa alijiuliza: mtu wa mafaili anataka habari za kumeza azipeleke wapi?

Hata hivyo, alipofika nyumbani alimwita binti yake Anitha, mwanafunzi wa chuo, aufungue muswada. Anitha anasikia Kiswahili vizuri ila hujibu kwa Kiingereza. Alisoma hadi mwisho, kisha akaeleza polepole: sheria ingehusu makosa yatakayotokea kuanzia tarehe mosi Oktoba. Bibi alipasuliwa mwaka jana.

"Rudia," Benadetha alisema.

Anitha akarudia.

Asubuhi yake Benadetha alimpigia wakili.

"Ulijua kwamba haituhusu?"

"Nilijua," Audrey alisema. "Sikukwambia kwamba itawahusu. Nilisema mambo yanaweza kubadilika."

"Kwa nani?"

"Kwa watakaoumizwa baada yenu. Wale wanakamati wamechoka kusikiliza mawakili. Nilihitaji mtu kama mama yako."

"Ungesema hivyo tangu mwanzo."

"Ungekubali?"

Benadetha akakata simu. Swali hilo lilimkera zaidi kuliko kudanganywa. Alimweleza mama yake kila kitu, akitegemea kwamba naye atakasirika. Dorothea aliiomba ile barua, akavaa miwani, akaisoma na kuikunja.

"Twende Annapolis," akanong'ona.

"Mama, sheria yenyewe haitusaidii."

"Nimesikia. Masikio hawakuyakata."

Mbele ya kamati, kila mzungumzaji alipewa dakika mbili. Kabla yao alizungumza daktari mmoja, akasema kikomo kikiondolewa bima itapanda na madaktari wa uzazi watahama jimbo. Benadetha alimtazama usoni muda mrefu, akashindwa kujua kama anaogopa kweli au amepangwa.

Kisha mama akakaa kwenye kiti. Mwenyekiti akamwomba kwa adabu asogelee kipaza sauti.

"Nimeshasogea," Dorothea alinong'ona kwa Kiswahili, na Benadetha akatafsiri. "Sauti yote ndiyo hii. Sheria mnayoijadili hainihusu mimi, na hakuna atakayenilipa kwa kuja hapa. Nimeanza na hilo ili msidhani nimetumwa."

Wanakamati wakaacha kufunuafunua karatasi. Kwa dakika iliyobaki alieleza jinsi mjukuu wake mdogo anavyoangalia midomo yake, akidhani bibi anamficha kitu.

Mwaka huo muswada ulikwama kwenye kamati. Benadetha alimwacha Audrey, akatafuta wakili mwingine, na huyo akaibana hospitali hadi ikakubali kugharimia pia mazoezi ya sauti. Wakasaini.

Jumapili iliyofuata alimngojea Kiplagat mlangoni mwa kanisa.

"Nilikufikiria vibaya," alimwambia.

"Najua. Ulikuwa ukiniona tu, unabadilisha njia."

"Kwa nini uliniambia?"

"Nilikuona unangojea kitu ambacho hakikuwa kinakuja. Hiyo tu."

Benadetha alimkazia macho, kwa mazoea ya miezi ile, akitafuta kilichofichwa. Hakukiona. Akamkaribisha chakula cha mchana.