Nyumba Iliyomfuata Rael

Jumanne hiyo, saa tatu kasorobo asubuhi, Rael alikuwa akisugua sufuria kwa majivu kwenye mfereji ulio nyuma ya darasa la sita alipoona nyumba yake ikiingia geti la shule. Ilikuja polepole, ikitanguliza pembe moja kisha ya pili, kama kabati zito linalosogezwa na watu wawili. Ilikuwa na mabati yake yote ishirini na mawili, mlango wake wa buluu, na tope la mto Kuja lililokauka ukutani hadi usawa wa dirisha. Rael aliisuuza sufuria, akaifudikiza juu ya jiwe, kisha akaenda kumwita mumewe.

Zablon alikuwa kwenye foleni ya unga. Alimwomba mzee Nicodemus, aliyekuwa nyuma yake, amshikie nafasi, akamfuata mkewe.

"Imefika," Rael akamwambia.

"Imechelewa," Zablon akasema, akaizunguka mara moja kuangalia kama kuna bati lililong'oka.

Siku kumi na tisa zilikuwa zimepita tangu mto uvunje kingo zake kule chini, upande wa Migori. Maji yalikuja adhuhuri, jua likiwaka, kwa sababu mvua yenyewe ilikuwa imenyesha mbali, milimani. Familia sitini na tatu zilipanda kwa miguu hadi shule hii ya msingi iliyoko upande wa Ndhiwa, kwenye kaunti ya Homa Bay. Zililala madarasani, na muhula ulipoanza zikahamishiwa kwenye mahema uwanjani. Nyumba ilikuwa imetumia muda wote huo njiani. Dereva mmoja wa lori la miwa alisema aliikuta darajani na kwamba ilimpisha vizuri, ikakaa kando mpaka akapita.

Mwalimu mkuu alitoka ofisini akasema haina shida, mradi isizibe uwanja wa voliboli. Nyumba ikasogea hatua mbili.

Ndani kulikuwa na maji ya kufika magotini. Mlango ulipofunguliwa hayakutoka. Yalisimama wima kizingitini, na mtu angeweza kuyatazama kwa ubavu na kuona miguu ya meza. Chumbani, chini ya kitanda, alikuwepo samaki mmoja mnene, kamongo, aliyelala kwenye tope. Zablon alichota ndoo arobaini akamwaga nyuma ya vyoo, lakini maji hayakupungua hata upana wa kidole. Basi wakaendelea kulala hemani, wao na binti yao Liz, wa miaka kumi na miwili, nyumba ikiwa imesimama kando yao.

Ikawa nyumba ile haimwachi Rael. Alasiri, akikaa chini kuchambua maharagwe, ilijisogeza kidogo kidogo hadi kivuli cha paa kimfikie. Yeye ndiye aliyeisiriba kwa mikono yake mwaka alioolewa, na alama za viganja vyake zilikuwa bado zinaonekana juu ya dirisha, mahali ambapo maji hayakufika. Liz alizaliwa ndani yake bila mkunga. Mama yake Zablon alifia ndani yake, akiwa ameelekea ukuta. Rael hakuyasema hayo kwa mtu. Aliinua tu uso mara mojamoja, akaiangalia, akarudi kwenye maharagwe.

Alhamisi alikuja Bwana Mosoti, afisa aliyetumwa kuhakiki orodha ya waliofurushwa na mafuriko. Alikuwa mtu mpole, mwenye viatu safi, na alisalimia kila hema. Familia ya Zablon ilikuwa namba arobaini na moja. Alipofika kwao aliiangalia nyumba, akaiangalia karatasi.

"Hii nyumba ni ya nani?"

"Ni yetu, mkubwa," Rael akasema.

"Yenu kabisa?"

"Niliisiriba mimi mwenyewe."

Bwana Mosoti akaeleza, bila ukali wowote, kwamba orodha ile ni ya watu wasio na makazi. Serikali ilikuwa inatafuta ardhi ya mwinuko, nusu ekari kwa kila familia, na unga na blanketi zilizokuwa zinaletwa zilifuata orodha hiyohiyo. Mwenye nyumba hawezi kuwa kwenye orodha. Rael akamwomba aingie aone. Afisa akavua viatu, akakunja suruali, akaingia. Walimsikia akitembea majini chumba hadi chumba. Alitoka akiwa amelowa hadi mapajani, kwa maana alikuwa amejikwaa kwa kamongo.

"Maji yapo, sikatai," akasema. "Lakini fomu haiulizi maji. Inauliza nyumba."

Zablon akamuuliza kama si kazi ya serikali kuwasaidia.

"Ni kazi yake," Bwana Mosoti akajibu, akivaa soksi. "Jukumu la kumlinda mtu aliyepoteza makazi ni la taifa. Liko kwa sheria, na mimi naliamini. Lakini lazima apoteze kwanza."

Akawashauri, kuhusu maji, waende Migori, kwa sababu maji yale yalitoka huko. Zablon alienda siku iliyofuata. Ofisini Migori walimsikiliza, wakamuuliza maji yako wapi sasa. Aliposema yako Homa Bay, wakamwambia basi ni ya Homa Bay. Alirudi kwa miguu kutoka barabara kuu na hakutaka chai.

Kuanzia wiki hiyo hawakupewa unga. Majirani waliwapimia kikombe kimoja kimoja kutoka kwenye mgao wao, na Rael alikuwa anajua kikombe cha kila mmoja kwa ukubwa wake.

Nyumba nyingine zikaanza kufika. Ya mzee Nicodemus ilikuja Jumatatu, ya chumba kimoja, ikichechemea kwa sababu ukuta wa nyuma ulikuwa umebomoka. Nicodemus aliiona ikiwa bado ng'ambo ya barabara. Alitoka getini na fimbo yake, akaokota mawe, akairushia mpaka ikasimama. Ilikaa huko siku tatu, karibu na kituo cha boda boda, na abiria walijikinga jua chini ya paa lake. Siku ya nne haikuwepo, na jina la mzee likabaki kwenye orodha. Mzee alirudi hemani, akaketi na kuitazama mikono yake, na Rael alipompelekea uji alisema hana njaa.

Baada ya hapo watu wa mahema wakajua la kufanya. Nyumba ikionekana kule kwenye mashamba ya miwa, wenyewe walikwenda kuilaki kwa mawe, baba, mama na watoto, mchana kweupe. Watu wengine waligeuka upande mwingine ili wasiulizwe baadaye walichoona. Nyumba hazikupigana. Zilirudi nyuma kwa pembe zilezile zilizokuja nazo.

Zablon akamwambia mkewe kwamba imebaki yao tu. Rael akasema hawezi. Walibishana wiki mbili, kwa sauti ya chini kwa sababu hema halina ukuta. Zablon alitaja nusu ekari, mahindi, mvua za vuli zinazokuja. Rael hakutaja chochote, na hilo ndilo lililomchosha mumewe.

Habon, mwenye duka la mabeseni na blanketi mjini Ndhiwa, alikuwa akija kila Ijumaa baada ya swala na birika kubwa la chai ya maziwa kwa ajili ya watu wa mahema. Aliingia Kenya mgongoni mwa mama yake, vita vilipoanza kwao, akakulia kambini kabla ya kuolewa huku. Ijumaa hiyo alikaa na Rael kwenye kivuli cha nyumba, akaipapasa lipu yake.

"Yetu pia ilitufuata, Mama Liz," akasema. "Ilifika mpakani. Ilikuwa ya mawe, imebeba mtende wake. Wakairudisha kwa sababu haikuwa na karatasi."

"Mama yako alifanya nini?"

"Alikuwa anaiangalia ng'ambo ya waya wa mpaka kila asubuhi mpaka tukasafirishwa kambini. Ninyi angalau hapa ni kwenu. Mpaka mliouvuka ni wa kaunti tu."

Rael akafikiria maneno hayo, akaona hayamsaidii, lakini akamshukuru kwa chai.

Aliyemaliza mabishano alikuwa Liz. Alikuwa amekohoa siku tano, na blanketi walizokuwa wamepewa wengine zilikuwa zinaonekana kila mahali, zimeanikwa kwenye ua. Alikuja akasimama mbele ya mama yake na daftari mkononi.

"Mama, hii nyumba ndiyo inatunyima kwetu."

Rael alimfunga kifungo cha juu cha sweta. Kisha akamwambia aende darasani.

Mkubwa kutoka Nairobi alitarajiwa Jumatano saa tano, na magari matatu, kuhakiki mara ya mwisho. Saa nne Rael alifungua mlango wa buluu akaingia. Alitembea ndani ya maji hadi chumbani, akasimama kando ya kitanda. Kamongo alijisogeza kumpa nafasi. Hakuchukua kitu. Alitoka, akafunga mlango kwa komeo, akaweka kiganja chake juu ya alama ya kiganja iliyokuwa juu ya dirisha. Sasa mkono wake ulikuwa mkubwa kuliko alama.

Halafu akarudi nyuma hatua kumi na kuokota jiwe. Zablon alisimama kando, lakini hakuokota lake.

"Dog dala," Rael akaiambia nyumba kwa Kijaluo. Rudi nyumbani.

Nyumba haikusogea. Labda haikuelewa, maana haikuwa na nyumbani pengine. Rael akatupa jiwe, likapiga ukuta. Akatupa la pili, likavunja kioo cha dirisha, kile walichokinunua mwaka ule pamba ilipofanya vizuri. Nyumba ikajisogeza kidogo upande wake, kama ilivyozoea alasiri kumtafutia kivuli. Ndipo Rael alipolia, huku akiendelea kutupa. Jiwe la saba au la nane liligonga bati, na mlio wake ukasikika madarasani, watoto wakaacha kusoma kwa sauti. Nyumba ikageuka. Ilitoka getini ikiwa imetanguliza mgongo, ili mlango uendelee kumwelekea, mpaka ilipofika barabarani.

Mkubwa alifika saa nane. Alihesabu mahema, akauliza kama kuna mwenye nyumba, akaambiwa hakuna. Bwana Mosoti alimwandika Zablon upya, mwisho wa orodha, namba sitini na tatu. Alionekana kufurahi kwa ajili yao. Jioni walipewa unga, maharagwe na blanketi mbili, na kikohozi cha Liz kikapoa kabla ya Jumapili. Kuhusu ardhi, mkubwa alisema inatafutwa.

Mvua za vuli zikanyesha, zikaisha. Mvua za masika zikanyesha. Mahema yalitobolewa na jua yakashonwa kwa nyuzi za magunia. Watoto watatu walizaliwa uwanjani, na mzee Nicodemus akazikwa nje ya ua wa shule, mahali ambapo mwenye shamba alikubali. Ardhi iliendelea kutafutwa.

Habari za nyumba alizileta Habon, ambaye alizunguka masokoni kwa biashara zake. Iliwahi kuonekana Ogwedhi, siku ya mnada wa ng'ombe, imesimama kati ya mifugo na hakuna aliyeiuliza bei. Baadaye ilionekana Mbita, kwenye foleni ya feri, nyuma ya lori la mchanga. Rael aliuliza kama bado ina maji. Habon akasema hakukaribia sana, ila aliona ndege wakiingia na kutoka kwa lile dirisha lililovunjika.

Mwaka wa pili, mwezi wa Juni, Bwana Mosoti alirudi na fomu mpya. Sheria ilikuwa imeboreshwa, akaeleza. Watu wengi walikuwa wanajidai wamefurushwa bila ushahidi, kwa hiyo sasa kila familia ilitakiwa ionyeshe nyumba ambamo watu wake walifurushwa na maji. Waliokwenda kule chini mtoni kutafuta zao hawakukuta hata shimo la nguzo.

Alikaa kwenye kiti cha shule mbele ya hema, viatu vyake vikiwa safi vilevile.

"Mama, nyumba yenu iko wapi?"

Rael alikuwa akichambua maharagwe juani. Alifikiria kusema hajui.

"Jumamosi ilikuwa Mbita," akasema.

Bwana Mosoti akaandika Mbita, kwa herufi kubwa, akaupuliza wino ukauke. Akamwambia kwamba kwa utaratibu huu mpya familia husaidiwa pale nyumba yake ilipo, kwa hiyo jina lao litatolewa hapa, naye aende akajiandikishe huko. Rael akauliza kama ikihama kabla hajafika itakuwaje. Afisa alilifikiria swali hilo kwa uaminifu kabisa, akapekua kurasa zote za fomu, mbele na nyuma, kisha akasema hakuna mahali pa kuliandika.

Hema lililofuata lilikuwa na watu saba. Rael aliinuka akawasaidia kubeba kiti cha afisa hadi kwao.